Shajara ya mradi: seva mbili za timu ndogo ya wavuti, Dar es Salaam

Ingizo la 1. Mzigo kwanza, chuma baadaye

Lengo la mradi ni kuhamisha tovuti na mifumo ya wateja kutoka VPS (seva pepe) za kukodi kwenda kwenye seva mbili zetu wenyewe. Ya kwanza itakaa kituo cha data hapa mjini na kuhudumia wateja. Ya pili itakaa ofisini kwa majaribio na bakapu. Kinachoendeshwa ni cha kawaida: Nginx (seva ya wavuti), PHP-FPM (inayoendesha kodi ya PHP), hifadhidata za PostgreSQL na, kwa tovuti za WordPress, MariaDB, pamoja na Redis (kache).

Hatununui kitu kabla ya kupima. Kila VPS imewekewa `sar` (kifurushi cha sysstat) irekodi mfululizo, na saa za msongamano tunaangalia `vmstat 5` na `iostat -x 5`. Safu ya `wa` ikipanda huku `us` (kazi ya programu) iko chini, prosesa inasubiri diski. Kuongeza kori hapo ni kutupa hela. Safu ya `st` ikiwa juu, mashine inanyimwa muda wa prosesa kwa sababu wapangaji wengine wanautumia. Safu za `si` na `so` zikionyesha namba muda wote, memori imekwisha na mfumo unaishi kwenye swap (sehemu ya diski inayotumika kama memori).

Picha iliyotoka haishangazi kwa kazi ya wavuti: prosesa zimetulia, diski zinachelewesha wakati wa kuandika, na memori haitoshi kubeba sehemu ya hifadhidata inayosomwa kila saa.

Hesabu ya memori tumeifanya kwa mkono. Mchakato mmoja wa PHP-FPM tumeuwekea MB 80, hivyo michakato 60 ni karibu GB 5. (WordPress yenye plugini nyingi hupita hapo, angalia safu ya RSS, memori halisi inayotumika, kwenye `ps`, usikisie.) PostgreSQL `shared_buffers` GB 8, MariaDB `innodb_buffer_pool_size` GB 8, Redis GB 2, kache ya ZFS (mfumo wa faili) GB 12, nakala za majaribio GB 16. Jumla GB 51 kabla ya mifumo endeshi yenyewe. GB 64 ingetosha kwa kubana. Tunaandika GB 128.

Neno kwa anayesoma akiwa na tovuti mbili tatu zenye wageni wachache: bakia kwenye VPS. Seva yako mwenyewe inaleta ada ya raki, vipuri, na simu za usiku. Hesabu huanza kugeuka pale VPS zinapokuwa nyingi na kila moja inahitaji memori zaidi ya ile unayolipia.

Ingizo la 2. Wagombea watatu

Mgombea wa kwanza ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyopandishwa cheo. Ni rahisi, haili umeme mwingi, na kori moja moja zina kasi kuliko za seva nyingi za zamani. Tumeiondoa kwa sababu mbili: nyingi hazina memori ya ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe), na hazina njia ya kuzifikia zikigoma kuwaka. Seva iliyo kwenye kituo cha data na inayohitaji mtu aende na kibodi ni mzigo usioisha.

Wa pili ni seva mpya ndogo ya aina ya Dell PowerEdge R250, inayotumia Xeon E-2300 za mwaka 2021. Kori hadi 8, kasi nzuri sana kwa kori moja, joto dogo. Kwa PHP hili ni jambo zito, maana ombi moja la ukurasa hukimbia kwenye kori moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichotuzuia ni kwamba ina nafasi nne tu za memori na inataka UDIMM za ECC (vipande vya memori visivyo na rejista), ambazo ni ngumu kupata hapa kuliko RDIMM (vyenye rejista). Pia pawasaplai yake ni moja, imefungwa ndani. Anayetaka mbili za kuchomoa aende R350.

Wa tatu ni seva za mtumba za kizazi cha Xeon E5-2600 v4, zile zinazoingia kutoka Dubai na Uingereza: Dell R630 na R730, HPE DL360 na DL380 Gen9. Memori yake, DDR4 RDIMM, imejaa sokoni. Pawasaplai mbili. Trei za diski mbele.

Tumechagua R630: urefu wa 1U (nafasi moja ya raki), diski nane za inchi 2.5, nafasi 24 za memori. R730 ni 2U, ina feni kubwa na kelele ndogo, lakini kituo cha data hutoza kwa U. Kati ya Dell na HPE kilichoamua ni femweya (programu ya ndani ya chuma): kwa HPE baadhi ya vifurushi hufunguka tu kwa mwenye waranti hai au mkataba wa msaada, kwa Dell unaandika Service Tag (namba ya mashine) na kushusha. Kwa mashine ya mtumba, ambayo lazima isasishwe kabla ya kuaminiwa, tofauti hiyo ni kubwa.

Kanuni tunayoifuata kwa pesa: chuma cha zamani, diski mpya. Msije mkashangaa bei ya diski nne za daraja la seva ikikaribia bei ya seva yenyewe.

Ingizo la 3. Prosesa moja

R630 nyingi huja na prosesa mbili. Tutaacha moja: E5-2680 v4, kori 14, GHz 2.4 ikipanda hadi 3.3, wati 120. E5-2667 v4 ina kori 8 kwa GHz 3.2 na ingefaa PHP vizuri zaidi, lakini inakula wati 135 na ni adimu. E5-2620 v4 (GHz 2.1) ipo kila mahali na wauzaji huisukuma kwa sababu ni rahisi, kwa tovuti ikwepeni.

Kuondoa prosesa ya pili kunapunguza umeme na joto, na memori yote inakuwa upande mmoja, bila safari ya kwenda prosesa ya jirani. Gharama yake: nusu ya nafasi za memori, B1 hadi B12, zinakufa, pamoja na baadhi ya nafasi za PCIe (za kadi za ziada). Kwa GB 128 hatuhitaji hizo. Soketi iliyo wazi irudishiwe kifuniko chake cha plastiki, na nafasi ya hitsinki (kipoza joto) izibwe, la sivyo hewa inapita njia rahisi na prosesa iliyobaki inapata moto. Prosesa iliyotolewa inakuwa kipuri.

Memori: RDIMM nne za GB 32, DDR4-2400, kwenye A1, A2, A3 na A4, zile nafasi zenye vishikizo vyeupe. Prosesa hii ina chaneli nne. Kila chaneli ipate kipande kimoja. Ukiweka vipande viwili vya GB 64, uwezo ni uleule lakini upana wa njia unabaki nusu. RDIMM na LRDIMM (aina nyingine ya memori ya seva) hazichanganywi kabisa, mashine haitawaka. Lebo ya kipande huonyesha herufi baada ya kasi: 2400T-R ni RDIMM, 2400T-L ni LRDIMM. Muuzaji akituma picha, soma herufi hiyo.

Ingizo la 4. Diski, mahali pa kutobana

Kila muamala unapothibitishwa, PostgreSQL huiambia diski iandike kweli na isijibu mpaka imemaliza. Ndiyo kazi ya `fsync`. SSD ya kompyuta ya kawaida haina kapasita za kushikilia umeme ukikatika, kwa hiyo kila agizo la namna hiyo lazima lisubiri seli zenyewe ziandikwe. Kasi inayotangazwa kwenye boksi, MB 500 kwa sekunde, haihusiani na hapa. Kwa maandishi ya aina hii nyingi hushuka hadi mia kadhaa au elfu chache kwa sekunde. SSD ya seva yenye kapasita hujibu mara data inapofika kwenye kache yake, kwa sababu ina umeme wa kutosha kuimalizia hata waya ukichomolewa. Ni makumi ya maelfu kwa sekunde.

Na si kasi tu. Kuna diski za bei nafuu zinazojibu "tayari" kabla ya kuandika. Umeme ukikatika hapo, hifadhidata inaamka ikiwa na kurasa nusu nusu.

Jinsi ya kupima, kwenye diski tupu yenye ext4:

`fio --name=jaribio --filename=/mnt/d/jaribio --size=4G --rw=write --bs=8k --ioengine=psync --fdatasync=1 --runtime=60 --time_based`

Soma IOPS (idadi ya maandiko kwa sekunde). Mwenye PostgreSQL tayari anaweza kutumia `pg_test_fsync`, inatoa jibu lilelile kwa maneno machache.

Oda: SSD nne za SATA, GB 960, daraja la seva, mpya, zenye uvumilivu wa kuandikwa nzima mara 1 kwa siku kwa miaka 5. Hiyo ni 960 × 365 × 5, karibu TB 1,750. Mzigo wetu wa kuandika uko mbali sana na hapo, hakuna sababu ya kulipia mara 3 kwa siku. Karatasi ya sifa lazima itaje ulinzi wa kukatika umeme kwa maneno. Kama haitaji, haina.

Diski zinazokuja na seva, mara nyingi za kuzunguka za SAS (kiunganishi cha diski za seva), mizunguko 10,000 kwa dakika, haziingii kwenye kazi ya wateja. Na jihadharini na SSD za SAS za mtumba zilizotoka kwenye mitambo mikubwa ya kuhifadhi data: nyingi zimeumbizwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Linux inaziona lakini inakataa kuzitumia. Dawa ni `sg_format --format --size=512 /dev/sgX`, inachukua muda, na ukikata umeme katikati unaweza kuipoteza diski.

Kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) iliyomo ni PERC H730 Mini. Tunaiweka kwenye hali ya HBA (kupitisha tu) ili ZFS izione diski zenyewe, jozi mbili za kioo (kila diski na nakala yake). Nafasi ni TB 1.92 kwa jina. Hatutapita asilimia 80, yaani takriban TB 1.5. RAID 5 haijajadiliwa kwa muda mrefu: kwa hifadhidata inayoandika vipande vidogo, kila andiko dogo hugeuka kuwa kusoma na kuandika mara kadhaa.

Kuhusu usimbaji: data yote imesimbwa tangu siku ya kuweka mfumo. Diski iliyokufa haifutiki, na kuirudisha kwa waranti ikiwa na taarifa za wateja za watu binafsi ni kujitafutia matatizo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023.

Ingizo la 5. Mzigo umefika

Kabla ya kuwasha: fungua kifuniko. Kagua pini za soketi kwa tochi, maana LGA2011-3 ina pini kwenye ubao na moja ikipinda inaua chaneli nzima ya memori. Kagua betri ya kadi ya PERC kama imevimba. Badilisha CR2032 bila kuuliza. Pawasaplai zote mbili ziwe za wati sawa. Moja ya 495 na nyingine ya 750 hutoa kosa la kutolingana. Hesabu trei na reli. Trei ndizo hupungua kuliko kitu kingine, na nafasi isiyo na diski wala kizibo huvuruga hewa.

Leseni ya iDRAC (kidhibiti cha Dell cha kuisimamia seva ukiwa mbali) ndiyo tuliyoidai picha yake kabla ya kulipa. Iliyo Express inakuwezesha kuwasha na kuzima. Kuona skrini ukiwa mbali kunahitaji Enterprise. Wauzaji wengi husema "ina iDRAC" na kuishia hapo.

Mpangilio wa kuamsha mashine ya mtumba: futa mipangilio ya mmiliki wa zamani kwa `racadm racresetcfg`, ingia kwa 192.168.0.120, badilisha nywila ya kiwandani papo hapo, sasisha iDRAC kwanza kisha BIOS. iDRAC8 yenye femweya ya zamani hufungua skrini kwa Java tu, na vivinjari vya leo havitaki kuisikia, 2.30 na kuendelea ina HTML5. Bandari ya iDRAC haiwekwi kwenye intaneti wazi hata kwa saa moja. Inafikiwa kwa VPN pekee.

Kisha mateso. Memtest86+ usiku kucha. `smartctl -t long` kwa kila diski. `stress-ng --cpu 0 --vm 4 --vm-bytes 80%` kwa saa kadhaa huku `ipmitool sdr type temperature` ikisomwa pembeni. Mwisho `ipmitool sel list`: ECC husahihisha makosa kimya kimya, na humo ndimo yanapoandikwa. Kipande chenye kosa lililosahihishwa kihamishwe nafasi nyingine. Kosa likikifuata, kipande ni kibovu. Likibaki palepale, shuku soketi au ubao.

Mfumo ni Proxmox VE (wa kuendesha mashine pepe) juu ya ZFS. Kache ya ZFS tumeifunga GB 12 kwenye `/etc/modprobe.d/zfs.conf`:

`options zfs zfs_arc_max=12884901888`

kisha `update-initramfs -u -k all` na kuwasha upya.

Ingizo la 6. Umeme na joto vya ofisini

Mpango unatumia wati 200 kwa seva na 30 kwa swichi na ruta. `ipmitool dcmi power reading` itatoa namba halisi baadaye. Seva pekee kwa wati 200 ni uniti 144 kwa mwezi wa siku 30; kwa shilingi 356 za uniti ya LUKU, ni takriban 51,000. Kiyoyozi kiongezwe juu yake.

UPS ya VA 1500 yenye betri mbili za volti 12, Ah 9, ina Wh 216 kwenye karatasi. Betri ya risasi ikinyonywa kwa kasi hii hutoa kama asilimia 60, na kibadilishaji nacho kinakula chake: mzigo wa wati 230 unavuta kama 270 kutoka kwenye betri. Inabaki chini ya nusu saa, betri zikiwa mpya. Katika chumba chenye joto la Dar betri hizo huzeeka haraka. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa takriban nusu. Hivyo UPS ni ya kuzima kwa heshima, basi.

Kwa kukatika kwa saa nyingi tunaweka inveta na betri ya lithiamu ya volti 25.6, Ah 100. Ni kWh 2.56, tukitumia asilimia 80 na kuondoa upotevu wa inveta, inabaki kama 1.84, yaani saa nane kwa mzigo wetu. Inveta nyingi za sola zina chaguo la APL na UPS kwenye menyu. Chagua UPS. Kwenye APL kuhama kutoka gridi hadi betri huchukua hadi milisekunde 20, na pawasaplai ya seva inaweza isivumilie. UPS yenyewe inabaki kati ya inveta na seva.

Upande wa programu ni NUT, inayoizima seva betri ya UPS ikikaribia kuisha. Kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa: umeme ukirudi wakati seva iko katikati ya kujizima, UPS haijawahi kukata, seva imezimika, na hakuna kitakachoiamsha. Ndiyo maana POWERDOWNFLAG iwekwe, ili mwisho wa kujizima UPS iambiwe ikate na kurudisha umeme. Kwenye BIOS, AC Power Recovery iwe On. Jaribio ni kuchomoa UPS ukutani na kuirudisha sekunde chache baada ya kujizima kuanza.

Joto lenyewe ni dogo: wati 200 ni BTU 682 kwa saa, kiyoyozi cha 9,000 hakitahisi. Tatizo ni kiyoyozi kuzimwa na wa mwisho kutoka, au kubaki kimezimika umeme ukirudi. Nunua chenye kujiwasha upya, na rimoti ifungiwe. Feni za 1U ni ndogo na zinapiga kelele, kwa hiyo seva haikai chumba cha kazi.

Ingizo la 7. Kituo cha data na bakapu

Maswali yaliyotumwa kwa vituo vyote: ampea ngapi kwa kila U, je kuna njia mbili za umeme A na B zinazotoka UPS tofauti, anwani ngapi za IPv4, je mtandao unafika TIX, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti hapa Dar (vinginevyo mteja wa Mbezi na seva ya Posta wataonana kupitia nchi nyingine), na nani anaruhusiwa kubadilisha diski saa nane usiku. Kebo ziwe C13 kwenda C14; zile za plagi ya pini tatu hazina pa kuchomekwa kwenye PDU (kigawanya umeme) ya raki.

Bakapu inavutwa na seva ya ofisini. Seva ya wateja haina ufunguo wa kuingia ofisini, hivyo anayeivamia hawezi kufuta nakala. Mashine pepe zinachukuliwa na Proxmox Backup Server, WAL za PostgreSQL (kumbukumbu za kila badiliko) zinashughulikiwa na pgBackRest. Nakala ya kwanza isipitie mtandao: GB 300 kwa laini ya Mbps 20 ni kama saa 33 bila kitu kingine kupita. Itachukuliwa ofisini kabla seva haijapelekwa, na baada ya hapo ni mabadiliko tu.

Yaliyobaki kabla ya kuhamisha mteja wa kwanza: SSD ya tano ya kipuri na trei yake, pawasaplai moja ya akiba, na zoezi la kurejesha hifadhidata nzima kwenye seva ya ofisini kutoka kwenye bakapu, likipimwa muda. Muda huo ndio utakaoandikwa kwenye mkataba wa wateja.